Kifungo cha Maisha na Parole: Istilahi Mbili Zinazodai Kuchunguzwa

Mwezi Juni 1994, Mahakama Kuu ikiketi Dodoma, Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Washtakiwa wawili waliokuwa mbele yake, katika kesi iliyojulikana baadaye kwa jina la Mbushuu, akawapa kifungo cha maisha badala ya kunyongwa. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo Januari 1995, na adhabu ya kifo ikarudi mahali pake. Wanasheria wameijadili sana kesi hiyo, lakini karibu wote wametazama kile kilichoondolewa. Kazi ya mwanaistilahi ni kutazama kilichowekwa. Watu wale wawili walipewa nini hasa?

Zamani swali hili lingeweza kuachiwa mkalimani wa mahakama. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya Kiswahili yalikuwa msaada tu kwa mshtakiwa. Tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha mjini Dodoma marekebisho yanayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hali imebadilika. Maneno "kifungo cha maisha" sasa yanapaswa kusimama yenyewe, bila neno la kigeni nyuma yake la kuyaegemeza. Basi na tuyapime.

Kiunganishi "-a" katika lugha yetu ni mtumishi wa mabwana wengi. Bima ya maisha ni bima inayohusu uhai wa mtu. Gharama za maisha ni za chakula, kodi ya nyumba na nauli. Mwanachama wa maisha ni mwanachama mpaka afe. Tukisema kifungo cha maisha tunakusudia maana hii ya tatu, lakini muundo wenyewe haumlazimishi msikilizaji kuichagua. Zaidi ya hayo, katika mazungumzo "maisha" hutumika kama kielezi chenye maana ya "siku zote": mtu huyu maisha analalamika. (Wako wanaodhani neno lenyewe limetokana na kuisha. Asili yake ni Kiarabu, na kufanana huko ni kwa sauti tu. Lakini sikio la mfungwa halisomi etimolojia.)

Pengo hilo la maana limejazwa na hesabu za mitaani. Utasikia watu wakisema kwamba maisha ni miaka 30. Wengine wanasema ni 20. Wengine wanaapa kwamba gerezani usiku huhesabiwa siku yake na mchana siku yake. Miaka 30 imeingia vichwani, nadhani, kwa sababu ndiyo adhabu inayosikika mara nyingi kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na kwa ubakaji. Ile ya 20 ina asili inayojulikana. Sheria ya Magereza ya Uganda ilisema kwamba, kwa ajili ya kukokotoa punguzo la kifungo, maisha yahesabiwe kuwa miaka 20. Kilichokuwa kanuni ya hesabu kikageuka kuwa maana ya neno, mpaka mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Tigo Stephen, ikasema kwamba kifungo cha maisha ni kwa muda wote wa uhai wa mhukumiwa. Jirani zetu wa Kenya wamepita njia iliyopinda zaidi. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliyoketi Malindi ilimwondolea Julius Kitsao Manyeso kifungo cha maisha, ikampa miaka 40; mwezi Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikakirudisha kile cha maisha, kwa hoja kwamba kupanga adhabu ni kazi ya Bunge. Katika miaka hiyo miwili neno halikubadilika hata herufi moja.

Kwetu Tanzania ugumu unaonekana wazi zaidi tunapofika kwenye parole. Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 inampa nafasi mfungwa wa miaka minne au zaidi, akisha kutumikia theluthi ya kifungo chake na kuonyesha mwenendo mwema. Punguzo la kawaida la Sheria ya Magereza ya 1967 nalo ni la theluthi. Mwenye miaka 12 anaweza kufikiriwa na bodi baada ya minne. Theluthi ya maisha ni miaka mingapi? Hakuna ajuaye, kwa kuwa jumla haijulikani. Sheria imelimaliza tatizo hilo kwa njia fupi: mfungwa wa maisha hahusiki na parole kabisa. Wa unyang'anyi wa silaha na wa dawa za kulevya nao wametajwa miongoni mwa wasiohusika.

Kuhusu neno "parole" lenyewe sina ugomvi. Limetoka Kifaransa, ambako maana yake ni neno, yaani ahadi aliyotoa mateka kwamba akifunguliwa hatashika silaha tena. Silabi zake zinasomeka kwa Kiswahili bila kikwazo, na Bunge limekwisha kulitumia. Ugomvi wangu ni na waandishi wanaolifasiri kuwa "msamaha". Aliyetolewa kwa parole hajasamehewa. Kifungo chake kinaendelea, ila anakitumikia nje kwa masharti, na akiyavunja hurudishwa ndani. Anayemwambia mfungwa kwamba amesamehewa anamtega. Atahama kijiji bila ruhusa akidhani yu huru. Na anayemwambia mama wa marehemu kwamba muuaji wa mwanawe amesamehewa anamtwisha msamaha ambao hakuutoa.

Msamaha ni jambo jingine, nalo limo katika Ibara ya 45 ya Katiba, inayompa Rais uwezo wa kusamehe, kufuta adhabu, au kuibadilisha iwe "tahafifu". Tarehe 9 Desemba 2017, katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, kwenye sherehe za Uhuru, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa wengi, wakiwamo 61 waliokuwa wakingoja kunyongwa. Alimtaja pia mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson Nguza, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa ya ubakaji na ulawiti wa watoto. Mahakama ya Rufani ilikuwa imethibitisha adhabu yao mwaka 2010. Miezi mitatu baada ya msamaha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba katika mambo kadhaa hawakutendewa haki wakati wa kujitetea.

Basi kwa watu hao maisha yalikuwa miaka 13. Kwa mwingine aliyehukumiwa siku ile ile yanaweza kuwa 40. Sisemi kwamba wawili hao hawakustahili kutoka; uamuzi uliofuata wa Mahakama ya Afrika unatosha kumfanya mtu asite. Nasema kwamba uwanja wa mpira hauna mahali pa kuwauliza watoto wale, ambao sasa ni watu wazima, wala hautoi sababu ambayo mfungwa wa chumba cha jirani angeweza kujipima nayo. Bodi, pamoja na upungufu wake, huandika. Husoma taarifa ya mkuu wa gereza, huuliza huko mfungwa anakotaka kurudi kama atapokewa, kisha humshauri Waziri. Parole inayomfungia mlango mtu kwa jina la kosa lake peke yake, bila kumtazama yeye mwenyewe hata baada ya miaka 25, naiona haina haki. Na inazidi kukosa haki pale mlango unaobaki unapotegemea sikukuu. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema karibu hivyo mwaka 2013 katika kesi ya Vinter: kifungo cha maisha kiwepo, lakini kiwe na siku ya kutazamwa upya. Kutazamwa si kuachiliwa. Wapo ambao bodi itawatazama mara tano na kuwarudisha ndani mara tano, na itakuwa imefanya vyema.

Mwezi Aprili 2020 wafungwa 256 wa kunyongwa walibadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha. Kwao, kuliko kwa msomaji yeyote wa jarida hili, fasili ina uzito. Napendekeza kwamba "kifungo cha maisha" libaki kama lilivyo, kwa kuwa "kifungo cha umri" halijazoeleka na "kifungo cha milele" linavuka mamlaka ya hakimu. Fasili yake iwe: kifungo kisicho na idadi ya miaka, ambacho hukoma kwa kifo cha mfungwa, kwa uamuzi wa mahakama ya juu zaidi, au kwa amri ya Rais. Mkalimani wa mahakama aisome fasili hiyo yote mbele ya mshtakiwa, polepole, hata kama karani ana haraka. "Mfungwa wa parole" naye aitwe hivyo hivyo, mfungwa, mpaka siku ya mwisho ya kifungo chake. Na katika fomu anayotia sahihi, neno "msamaha" lisionekane popote.