Shairi Unalolimudu

Shule za Garissa, Wajir na Mandera zinapojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, sifa huenda kwa sauti, mavazi na mpigo wa ngoma. Anayesahauliwa ni yule aliyekaa mapema akaamua mwanafunzi ajifunze kipi. Kwangu mimi huo ni ufundi kamili, na fundi wake hodari hutanguliza kinachomudika kabla ya kinachohusudiwa.

Tazama gabay, utanzu unaoheshimiwa mno katika ushairi wa Kisomali. Mshororo wake ni mrefu, umegawika vipande viwili, na kila kipande lazima kiwe na neno linaloanza kwa sauti ile ile: mtunzi akishika d, ni d mpaka mwisho, hata mishororo ifike mia. Irabu zote huhesabiwa sauti moja; msamaha ndio huo tu. Hakuna ala ya kumficha mghani, ana koo lake na lahani. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972. Kabla ya hapo mashairi mengi yalitunzwa vichwani, na desturi ilimtaka mghani amtaje mtunzi na aseme maneno yalivyo. Kwa hiyo aliyesahau neno hawezi kupachika jingine lenye maana hiyo hiyo. Likianza na sauti nyingine, wasikilizaji wamemkamata papo hapo. Mpe kijana shairi refu la namna hii zikiwa zimebaki wiki chache, na muda wote utaishia kwenye kuwinda maneno. Pumzi, vituo na macho ya hadhira havitapata nafasi. Mpe la mishororo ishirini, naye atafika mahali pa kughani kweli. Wala asiogope kwamba fupi litaficha kipaji chake, maana sharti la sauti halilegezwi hata katika mshororo mmoja.

Wapo watakaosema majaji humtuza aliyebeba kizito. Labda, akikifikisha. Jaji husikia kilichotoka mdomoni, hana njia ya kutuza kilichokusudiwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba mwanafunzi hakui kwa mambo mepesi, nami nakubali bila kusita. Lakini kukua kuna msimu wake, nao ni ile miezi mirefu isiyo na jukwaa. Hata wapiga piano, ala iliyo adimu Garissa (na hatuna haja ya kuomba radhi kwa hilo), wanalijua jambo hili: mtunzi wa muziki Béla Bartók alipanga vipande 153 vya Mikrokosmos katika vitabu sita, kuanzia vya mtoto anayejifunza hadi vya kutoa jasho, na hakuna anayemcheka aliye kitabu cha pili.

Kumudu nako kuna kipimo. Mkatize mghani katikati, umtajie neno moja la mshororo wowote, umwambie aendelee kutoka hapo. Akilazimika kurudi mwanzo ili alipate, shairi bado halijawa lake. Walimu, fanyeni jaribio hilo kabla ya kuandika jina la shairi kwenye fomu ya mashindano, na likimshinda mtoto, mchagulieni jingine siku hiyo hiyo.