Jina la Mkataba na Maana Yake

Wapo wenzetu waliodai kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2004, iliyosajili ushirika wa watu wa jinsia moja, haikugusa ndoa kwa kuwa haikuitwa ndoa. Hoja hii hatuikubali. Kanuni mashuhuri ya fiqhi hutazama maana ya mkataba, si tamko lake. Na sheria ile ilitoa mirathi na pensheni karibu sawa na za wanandoa. Ile ya 2013 iliongeza jina tu. Kisheria kwetu hukumu ni moja.

Linalotuuma ni jingine. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua kuwa nikahi iliyofungwa mgahawani jijini London mwaka 1998, mbele ya imamu lakini bila kusajiliwa, haikuwa ndoa, hata ndoa batili. Je, maimamu wanaofungisha nikahi huko humweleza hayo bibi harusi na walii wake?