Sikio la Jiwe

Huko Tabaka, Mugirango Kusini, katika nchi ya Kisii, mchongaji aliyekomaa hanunui jiwe la sabuni kwa macho tu. Hulimwagia maji ili rangi ijitokeze, nyeupe ya maziwa, waridi au kijivu chenye mishipa, kisha huligonga kwa ubapa wa panga na kutega sikio. Likilia kama chungu chenye ufa huliacha palepale machimboni, hata kama rangi inapendeza. Nimemtazama mzee mmoja akikataa mawe sita ndipo akubali moja, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Panga hutoa umbo, kisu na patasi hutafuta shingo na mabawa, jiwe likiwa bado na unyevu. Kisha kina mama huketi na mabeseni wakisugua kwa msasa ndani ya maji, kuanzia ule mkali hadi ule laini, mpaka alama za kisu zifutike. Nta huja mwisho.

Anayechagua kazi za kuingia makumbusho, naona, ana ufundi wa ukoo mmoja na wa yule anayegonga jiwe na kutega sikio. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya sanaa za Afrika wakati wengi waliziona kuwa vinyago vya watalii tu. Sehemu ya alichokusanya ipo leo katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, lile jengo lililokuwa benki. Mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, ana ndege wake wa amani kwenye makao makuu ya UNESCO, Paris, na jina lake linatajwa pamoja na ndege huyo. Si jambo dogo. Kiboko wa jiwe anayeuzwa vibandani Nairobi hubeba jina moja tu, "Kisii", ingawa amepita mikononi mwa watu wanne watano.

Mwagizaji wa ng'ambo naye ni mteuzi, tena mwenye nguvu kuliko makumbusho. Akitaka vibakuli elfu vinavyofanana, vibanda vyote hugeukia vibakuli, na mkono uliozoea ndege hupoa.

Mzee yule wa mawe sita ana rafu moja nyuma ya kibanda chake. Niliuliza bei ya mama aliyejikunja na mtoto wake, wa jiwe la waridi.

"Huyo hauzwi, mwanangu," akasema, akamgeuza kidogo kuelekea dirishani, mwanga umpate begani.