Fimbo Yenye Ndoana, Ndoo Yenye Mfuniko

Nyoka akionekana uani, panga hutoka kabla ya swali. Hakuna anayeuliza ni nyoka gani, ametoka wapi wala anaelekea wapi. Mama anawavuta watoto ndani, kijana anarusha jiwe la kwanza, na majirani ambao hawakuitwa wanafika wakiwa na rungu na ushauri. Katika mji wa Watamu, kaunti ya Kilifi, wenyeji wengi wamezoea kufanya jambo jingine: wanapiga simu Bio-Ken, shamba la nyoka lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, na mtu anakuja kumchukua nyoka huyo bila malipo.

James Ashe alikuwa ameshughulika na nyoka miaka mingi kabla ya kuhamia pwani. Aliwahi kusimamia idara ya wanyama watambaao katika Makumbusho ya Nairobi. Alifariki mwaka 2004. Kazi aliyoiacha inastahili kusifiwa kwa jina lake halisi, yaani ufundi, kwa sababu ina vifaa vyake, ina hatua zake, na mkono ulioizoea hujulikana mara moja.

Vifaa vyenyewe si vingi. Kuna fimbo ndefu nyepesi ya chuma yenye ndoana butu mwishoni, koleo refu lenye midomo mipana, ndoo ya plastiki yenye matundu ya hewa na mfuniko unaofunga barabara, mfuko wa kitambaa, kipande cha bomba na miwani ya kukinga macho. Panga halimo. Wala haimo ile panda ya mti ambayo watu wa zamani waliitumia kumbana nyoka shingoni, kwa kuwa shingo ya nyoka ni laini kuliko inavyodhaniwa, na mnyama aliyebanwa hivyo hupambana hadi akajiumiza yeye au akamuumiza anayembana.

Mfano mzuri wa nyoka anayekamatwa kwa vifaa hivi ni bafe, ambaye wengine humwita kifutu. Ni mfupi, mnene, mgongo wake una alama za rangi iliyokoza zinazofanana na herufi V, na akilala juu ya majani makavu jicho linaweza kumpita mara tatu lisimwone. Tegemeo lake kubwa ni huko kutoonekana. Nyoka wengine wakisikia mtikisiko wa nyayo hujiondokea mapema. Bafe hutulia palepale akingoja hatari ipite, na ndiyo maana mkulima anayetembea peku alfajiri humkanyaga. Fundi anapomkuta chini ya lundo la kuni, kwanza humwekea ndoo mahali pake, ikiwa wazi, kisha huondoa kuni moja moja kutoka juu. Hana haraka. Ndoana hupita chini ya tumbo la nyoka, karibu na katikati ya mwili, na kumwinua kidogo tu, mwili mzito ukining'inia pande zote mbili. Bafe huvuta pumzi, hujaa, hutoa mlio mzito kama wa mvukuto wa mhunzi. Mlio huo ni onyo, na fundi huuheshimu kwa kutoongeza kasi. Ndoana huvuka ukingo wa ndoo, hushuka, hutoka. Mfuniko huwekwa kwa kutumia fimbo, si kwa mkono. Tangu ndoana imguse nyoka, kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Swila anahitaji maarifa mengine. Huyu hutema sumu yake kulenga uso, na ikiingia machoni huchoma vibaya. Isipooshwa mapema kwa maji mengi inaweza kuharibu macho kabisa. Fundi huvaa miwani kwanza, ndipo husogea. Halafu hutumia jambo moja analolijua kuhusu nyoka: aliyeogopa hutafuta shimo lenye giza. Kipande cha bomba hulazwa chini, mdomo wa mfuko ukiwa umefungwa upande wa pili, na nyoka huelekezwa taratibu kwa ncha ya fimbo. Akiliona lile giza huingia mwenyewe. Hapo ndipo uzuri wa ufundi huu unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote: mnyama anayeogopwa na mtaa mzima anaondoka bila kushikwa, kwa sababu mtu amefikiri jinsi nyoka anavyofikiri na kumpa njia anayoitaka.

Swila wa pwani ya Kenya ana historia yake. James Ashe aliwahi kukamata swila mkubwa mno, akashuku kwamba ni aina ya peke yake, ingawa vitabu vilimweka pamoja na swila wa kawaida mwenye shingo nyeusi. Ilichukua muda mrefu kuthibitishwa. Mwaka 2007 wanasayansi Wolfgang Wüster na Donald Broadley walichapisha maelezo ya aina hiyo mpya kwa kumtumia nyoka wa Watamu, wakaiita Naja ashei kwa heshima yake, miaka mitatu baada ya kifo chake. Ndiye mkubwa kuliko swila wote wanaotema sumu duniani. Si jambo dogo kwamba sayansi ilimpata kupitia kwa mtu aliyekuwa akiwatazama nyoka wakiwa hai, mmoja baada ya mwingine, badala ya kuletewa mizoga iliyopondwa vichwa.

Hata hivyo, nusu ngumu ya kazi hii haimo ndani ya ndoo. Imo katika ule umati uliosimama ukitazama.

Fundi akifika hukuta watu wamezunguka, simu zimeinuliwa kupiga picha, na kila mmoja ana habari ya nyoka aliyemfukuza mtu kutoka shambani hadi mlangoni. Hawezi kuwacheka, kwani hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wanaobaki na ulemavu wa kudumu, wakiwemo waliokatwa viungo, ni kama mara tatu ya idadi hiyo. Wengi wao ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Mtu aliyemzika ndugu yake kwa sababu ya koboko hashawishiwi na hotuba kuhusu uzuri wa viumbe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ana haki.

Kwa hiyo fundi mzuri huanza kwa kuuliza: nani alimwona kwanza? Watoto wako wapi? Kuna aliyeguswa? Huwarudisha watu nyuma hatua kadhaa, kwa upole lakini bila kubembeleza, kwa kuwa hatari huongezeka pale mtu anapomsogelea nyoka akiwa na panga: panga ni fupi, na humlazimu mtu kusogea karibu mno. Nyoka akishafungiwa, ndipo somo huanza. Mara nyingi aliyezua kelele zote ni ukukwi, yule mwembamba wa kijani anayekula vyura na mijusi, asiye na madhara yoyote, ambaye huuawa kila siku kwa kudhaniwa kuwa ni koboko wa kijani. Kuwatofautisha kunahitaji jicho lililofunzwa, na si haki kumdai mwenye nyumba awe nalo. Anachodaiwa ni kusimama mbali na kupiga simu.

Kisha macho ya fundi huhama kutoka kwa nyoka kwenda kwenye boma lenyewe. Chakula cha kuku kimemwagika, panya wamefuata, na nyoka amewafuata panya. Kuni zimerundikwa ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe una nyufa, na paa la makuti limejaa mijusi. Hayo yote yanaweza kurekebishwa bila gharama kubwa: nafaka ifunikwe, kuni ziwekwe juu ya vichanja mbali na nyumba, nyasi zifyekwe. Usiku mtu atembee na tochi na avae viatu, hata akienda chooni tu. Chandarua kikichomekwa vizuri chini ya godoro huzuia mbu, na pia humzuia swila anayeingia ndani kuwinda panya na kumuuma mtu aliyelala. Inaudhi kidogo kuona jinsi mambo haya ya kawaida yanavyotajwa mara chache redioni, wakati kila video ya nyoka mkubwa husambaa nchi nzima kwa siku moja.

India inatoa mfano mwingine wa ufundi huu. Watu wa jamii ya Wairula wa jimbo la Tamil Nadu walikuwa wawindaji hodari wa nyoka, wakiishi kwa kuuza ngozi. Sheria ya kulinda wanyamapori ya mwaka 1972 na marufuku ya biashara ya ngozi ziliwakatia riziki. Mwaka 1978, kwa msaada wa mtaalamu wa nyoka Romulus Whitaker, waliunda chama cha ushirika karibu na Chennai. Tangu hapo huwakamata nyoka, huwakamua sumu kwa ajili ya kutengeneza dawa, kisha huwarudisha porini. Maarifa ya kusoma mchanga na kutambua shimo lenye mwenyewe ndani ni yaleyale ya babu zao. Kilichobadilika ni kwamba nyoka hurudi akiwa hai. Mwaka 2023 wakamataji wawili wa Kiirula walipewa na serikali ya India nishani ya Padma Shri.

Watamu nako nyoka hukamuliwa, maana dawa ya sumu ya nyoka haitengenezwi bila sumu yenyewe. Njia haijabadilika sana tangu miaka ya 1890, mwanasayansi Albert Calmette alipoianzisha Ufaransa: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, damu yake hujenga kinga, na kinga hiyo husafishwa ikawa dawa ya binadamu. Ni dawa ghali, na zahanati nyingi za vijijini hazina. Ndiyo sababu kukaanzishwa mfuko wenye jina la James Ashe wa kuwapatia dawa hiyo wagonjwa wasioweza kuinunua.

Dawa nayo haifai kitu ikiwa mgonjwa amecheleweshwa. Kuchanja kwa wembe, kunyonya jeraha, kufunga kamba kwa nguvu hadi mguu ukafa ganzi, kubandika lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni: yote hupoteza saa ambazo haziwezi kurudi, na baadhi huongeza jeraha. Mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla mkono haujavimba, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali kwa chombo chochote kilichopo. Fundi huyarudia maneno haya katika kila boma, na Bio-Ken imewahi kuwaalika madaktari kwenye semina kuhusu matibabu ya walioumwa na nyoka, ili anayemjua nyoka na anayemtibu mgonjwa wakae chumba kimoja.

Linabaki suala la pale ndoo itakapofunguliwa. Mwenye nyumba hutaka nyoka apelekwe mbali kabisa, hata kaunti nyingine. Fundi hukataa. Nyoka anayetupwa asikokujua hutangatanga, hakosi kuvuka barabara na viwanja vya watu, na wengi hufa. Hutafutiwa kichaka kisicho na watu lakini kisicho mbali na alipotoka. Watamu ina bahati ya kuwa jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke. Vichaka vya katikati ya mji, hata hivyo, vinageuka nyumba za wageni na viwanja vyenye uzio mwaka hadi mwaka, na simu zitazidi kulia. Kinachohitajika sasa ni vijana zaidi waliofunzwa kushika ile fimbo, katika kila mji wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, na wanaolipwa kwa kazi hiyo kama mafundi wengine.