Darubini ya Mtumba Inayopanda Irangi

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, kwa hiyo darubini utakayokutana nayo leo juu ya Kianjokoma, ukielekea msitu wa Irangi, haikai juu ya bunduki. Inaning'inia shingoni mwa mtazama ndege au mwongoza wageni, na mara nyingi ni ya mtumba, imeshapita mikono miwili mitatu. Ukaguzi wake haupishani sana na ule wa darubini ya bunduki: lenzi za mbele, lenzi za jicho, na hewa iliyofungiwa katikati. Ila hii ina mirija miwili, na huo upacha ndio unaowaponza wanunuzi wengi.

Muuzaji ataanza na namba. Msikilize kwa adabu, kisha zisome mwenyewe. 8x42 maana yake ni kwamba kitu kinakuzwa mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25, nao ndio upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalofika jichoni. Ile ndogo ya mfukoni, 8x25, inatoa milimita 3 na ushei. Mchana wa jua kwenye mashamba ya majani chai hutaona tofauti kubwa, maana mboni yenyewe imejibana ikabaki milimita 2 au 3. Ingia sasa chini ya miti kabla jua halijapanda. Mboni imepanuka inatafuta mwanga, na shorobo wa Hartlaub aliyetulia tawini anabaki kivuli tu kwenye 8x25. Kwenye 8x42 unamwona kijani chake na baka jeupe mbele ya jicho. Ukikuta imeandikwa 60x60, irudishe mezani bila kuuliza bei. Hakuna mkono unaoweza kutuliza ukuzaji huo, na kwa kawaida hata namba yenyewe ni ya uongo.

Inamishe lenzi ya mbele chini ya mwanga wa dirisha. Mng'ao uliofifia wa kijani au zambarau ni dalili nzuri: kioo kimepakwa utando wa kupunguza mwanga unaopotea kwa kurudi nyuma, ufundi aliobuni Alexander Smakula kwenye kampuni ya Zeiss huko Jena, Ujerumani, mwaka 1935. Mng'ao mweupe unasema kioo ni kitupu. Lenzi nyekundu zinazowaka kwa mbali zinavutia wateja sokoni, lakini zinafukuza mwanga mwekundu, na hapa msituni ni ule wekundu wa mbawa za shorobo anaporuka ndio uliokupandisha mlima.

Mikwaruzo huwatisha watu kupita kiasi. Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye lenzi ya mbele hauonekani kabisa ukitazama. Kwenye lenzi ya jicho unasumbua zaidi. Kinachonikera mimi ni vile vikwaruzo vidogo vidogo vya kuzungukazunguka, kazi ya mtu aliyekuwa akifuta vumbi kwa pindo la shati. Hivyo hupausha picha yote.

Sasa omba tochi. Imulike kupitia mbele huku ukichungulia kwa nyuma, kisha geuza. Vumbi kidogo ndani si neno. Unachotafuta ni kuvu, nyuzi nyembamba zinazotanda kutoka ukingoni kama utando wa buibui. Kianjokoma ina mvua za masika, mvua za vuli na baridi yenye ukungu ya Julai, na kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Ikikaa muda mrefu inakula utando wa lenzi, na hata fundi akiisafisha, alama hubaki. Darubini iliyochubuka nje lakini safi ndani nitainunua. Iliyong'arishwa nje, ina nyuzi ndani, sitaichukua hata kwa bei ya kutupa.

Kipimo ambacho wengi hukiruka ni ulinganifu wa mirija. Darubini ikidondoka, prizimu husogea hata kama mpira wa nje haujapata alama. Itazame bati la paa lililo mbali, mstari wake ulalao, kisha iondoe polepole machoni sentimita chache huku ukiendelea kutazama. Mstari wa kushoto na wa kulia ukiachana, mmoja juu mwingine chini, mirija imepishana. Usijipe moyo kwamba picha ilikuwa moja ulipoibana usoni: ubongo ulikuwa ukiziunganisha kwa nguvu, na malipo yake ni kuumwa kichwa baada ya nusu saa. Kuirekebisha kunataka fundi mwenye vifaa vyake, na gharama yake huweza kupita ya darubini. Chunguza pia skrubu. Zikiwa zimelika vichwa, mtu amekwisha kuifungua, na hewa kavu iliyotiwa kiwandani imeondoka.

Mengine ni ya haraka. Bawaba ya katikati ikae pale unapoiacha. Gurudumu la kufokasi lisiwe na mwanya. Likiwa gumu tu, huenda ni grisi iliyoganda, na hilo linatibika. Pete ya kurekebisha tofauti ya macho, mara nyingi upande wa kulia, izunguke kisha itulie. Kwenye zile za zamani zenye mabega, bonyeza lenzi moja ya jicho kwa kidole: picha ikififia, daraja limelegea. Kama unavaa miwani, hakikisha mpira wa machoni unashuka hadi chini, la sivyo utaona nusu tu ya uwanja.

Muuzaji akiongeza mkoba wa ngozi kama zawadi, upokee, lakini usihifadhi darubini humo. Ngozi hunyonya unyevu na kuulisha kuvu. Ukirudi kutoka Irangi iache wazi chumbani mpaka ikauke, kisha iweke kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Wauza viatu huvitupa, waombe wakuwekee.