Jina, Maelezo, Kasoro

Mtu akitandaziwa kanga haulizi jina liko wapi. Pindo limeizunguka, mji uko katikati, na jicho hushuka lenyewe hadi kwenye maandishi. Raha hiyohiyo naipata kwenye mwongozo wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta.

Toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 1971, kwenye maabara za Bell huko New Jersey, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kurasa zote zikavikwa vichwa vilevile: jina, muhtasari wa namna ya kuiandika, maelezo, mafaili, tazama pia, kasoro. Palipokosekana la kusema, kichwa hakikuondolewa. Kilitiwa vistari viwili, basi. Miaka zaidi ya 50 baadaye, andika man na jina la amri kwenye kompyuta ya Linux, utavikuta vingi vya vichwa hivyo vingali vinakungoja.

Sisi tuliofundishwa insha shuleni twaona kurudia neno ni umaskini wa lugha. Niliwahi kuandika mwongozo ambao sura ya kwanza ilianza na “Maandalizi”, ya pili “Hatua za Mwanzo”, ya tatu “Kabla Hujaanza”. Nilijiona bingwa wa visawe! Mwenzangu aliyeupitia aliniuliza swali moja tu: haya ni mambo matatu, au ni moja? Sikuwa na jibu. Msomaji wa mwongozo akikutana na maneno mawili hutafuta vitu viwili, na ana haki. Mara nyingi ni saa nane za usiku, mtambo umelala, wakubwa wanapiga simu. Huyo hasomi, anawinda.

Hata mashine huwinda. Amri ya whatis, inayoeleza amri nyingine kwa mstari mmoja, hutegemea mstari ulio chini ya kichwa cha jina; mwandishi akikipamba kwa neno lake, ukurasa unaweza usionekane kabisa.

Lakini kichwa nikipendacho ni kasoro. Nani angejitakia kuitangaza aibu ya kazi yake? Pakiwa pametengwa pa kuisemea, kila ukurasa, mtu huisema kwa mstari mmoja, bila kujitetea.

Mwongozo wangu niliuandika upya. “Maandalizi” ikabaki peke yake katika sura zote, na mwisho wa kila sura nikaweka “Kasoro”. Nilidhani nyingi zitaishia kuwa vistari. Ya sura ya kwanza ilijaa nusu ukurasa.