Ukurasa Usiochachuka

Mnunuzi asiyejua asali hufika Kibondo, mkoani Kigoma, na kiberiti mfukoni. Anachovya njiti kwenye ndoo, anaiwasha, na ikishika moto anatoa pesa. Mwenzake anadondosha tone kwenye glasi ya maji aone kama litazama. Warina asali wanawatazama tu, maana sharubati nzito ya sukari nayo huzama. Anayeijua kazi huja na refraktometa: tone moja juu ya kioo, anachungulia, anasoma kiwango cha maji. Viwango vya kimataifa vya Codex havitaki maji yazidi asilimia 20, kwa sababu yakizidi hapo asali huchachuka.

Siku hizi kuna mnunuzi wa aina ya tatu, ambaye hafiki kabisa. Yuko Dar es Salaam au Muscat, anaiuliza akili unde iliyo kwenye simu yake: asali nzuri ya Kigoma inapatikana kwa nani? Anajibiwa kwa majina mawili matatu, basi. Wauzaji wa Kibondo na Kasulu wanaotaka kuwemo katika majina hayo wanapima kurasa zao kwa njia za kiberiti: wafuasi wangapi, alama ya bluu ipo au haipo, neno "orijino" limerudiwa mara ngapi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walijaribu ni nini kinachofanya maandishi yachukuliwe na mitambo hii ya akili unde inapotunga majibu. Kurundika maneno ya kutafutia hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kutaja chanzo, kunukuu mtu na kuweka takwimu. Kwa baadhi ya maandishi, kuonekana kulipanda kwa hadi asilimia 40.

Kipimo changu mimi ni kidole gumba. Funika jina la muuzaji, soma kilichobaki. "Tunauza asali halisi yenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu." Maneno hayo unaweza kuyahamishia Singida leo jioni na hakuna atakayegundua. Huo ukurasa una maji. Sasa chukua maandishi kama haya, ambayo nayatunga kwa mfano: "Imerinwa Novemba, kata ya Mabamba, wilaya ya Kibondo. Mizinga ya mbao, maua ya mtundu. Maji asilimia 17.8. Ikikaa kwenye baridi huganda. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe." Hapo kidole hakifichi kitu. Mwezi upo, mahali papo, mti upo, namba ipo.

Sentensi ninayoipenda zaidi ni ile ya kuganda. Wateja wengi wakiona asali imeganda hudhani imetiwa sukari, kumbe ni tabia yake. Mjanja huinyamazia habari hiyo asije akapoteza mauzo. Anayeiandika ameshaishi na asali, ameshagombana na mteja juu yake. Desemba 2022 Google iliongeza uzoefu katika mwongozo wanaoutumia wakaguzi wake kupima ubora wa kurasa, juu ya ujuzi, sifa na uaminifu vilivyokuwepo tangu zamani. Mrina asali hakuhitaji kuambiwa hilo.

Kwa anayetaka kuona sifa iliyokomaa mtandaoni, Kasulu na Kibondo zenyewe ni darasa. Tafuta Kasulu, utakutana na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tafuta Kibondo, utakutana na kambi ya Nduta. Misitu ya miombo, soko la maharage, vyote viko nyuma ya wakimbizi. Wapo wanaonung'unika kwamba wilaya zetu zimechafuliwa jina, nami sikubaliani nao. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, Nduta ikafunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika, na tangu hapo UNHCR na mashirika mengine hayajaacha kuandika: watu wangapi, visima vingapi, tarehe gani, nani kahesabu. Ripoti moja inaitaja nyingine, gazeti linazitaja zote mbili. Hakuna aliyeuhadaa mtambo. Ulimeza tu kilichokuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa na tarehe na hesabu. Katika muda wote huo asali yetu ilikuwa inatangazwa kwenye stetasi ya WhatsApp, ambayo baada ya saa 24 haipo, au kwenye bango la picha lenye maandishi ya njano na namba ya simu, ambalo mitambo mingi huliona kama picha tu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini walikuwa wanazungumzia gulioni, mahali ambapo mteja anaweza kuonja. Mtandaoni kizuri hutajwa na mwingine. Kwa hiyo ukishamaliza kusoma anachojisemea muuzaji, tazama nani mwingine kamsema. Je, jina lililo kwenye lebo ndilo lililosajiliwa BRELA, ndilo lililo kwenye ramani ya Google, ndilo ililolitumia halmashauri ilipoandika habari za maonyesho ya Nanenane? Wengi huanguka hapa bila kosa kubwa. Kwenye lebo ni kikundi, kwenye usajili ni kampuni, Instagram wamejiita kwa Kiingereza. Mtambo unaona watu watatu, kila mmoja ana sifa kidogo. Alama ya ubora ya TBS, ikiwepo kihalali, itajwe kwa maandishi, isiachwe kwenye picha ya chupa peke yake.

Shuhuda za wateja zinahitaji pua. Asali iliyorinwa kwa moshi mwingi hunuka moshi hata uichuje mara ngapi, na shuhuda 30 zilizoandikwa usiku mmoja zinanuka vivyo hivyo. Nakuta nyota tano tupu, hakuna aliyesema chupa ilivuja, hakuna aliyesema ilichelewa stendi. Nampa imani zaidi mwenye shuhuda nne, moja ikiwa ni lawama aliyoijibu kwa adabu.

Hata hivyo, mwenye ukurasa mzuri kuliko wote anaweza kukosa kutajwa leo, kwa sababu wapo waliotangulia. Tabora ina chuo chake cha ufugaji nyuki na maandishi ya miaka mingi, na pengo hilo halizibwi kwa wiki mbili.

Basi wewe wa Kibondo na wewe wa Kasulu, msimu ujao, kabla ndoo hazijapanda basi, pima maji, andika namba uliyoisoma, tarehe na kijiji, uviweke mahali ambapo havitafutika kesho asubuhi.